Afrika Mashariki ihesabu buibui wake yenyewe

Mwaka 1997 mtaalamu wa buibui wa Marekani, Jason Bond, alimpata buibui jike asiyemfahamu katika mchanga wa pwani ya Moss Landing, jimbo la California. Alikuwa wa wale wanaochimba shimo na kulifunga kwa mlango, lakini hakufanana barabara na yeyote aliyekwisha kuandikwa. Bond hakukimbilia kumtangaza. Alikuwa na jike tu, na kwa buibui wa namna hiyo jike peke yake ni nusu ya ushahidi. Dume alikuja kupatikana mwaka 2019, miaka 22 baadaye. Vinasaba vilipopimwa ikabainika kwamba huyu si spishi mpya tu, bali jenasi nzima mpya. Mwaka 2020 akatangazwa rasmi kwa jina Cryptocteniza kawtak. Neno hilo la pili limetokana na lugha ya Wamutsun, wenyeji wa asili wa eneo lile, na maana yake ni ufukweni mwa bahari.

Habari kama hii ikisomwa Mombasa, Bujumbura au Goma, wengi watacheka. Mtu mzima, msomi, kusubiri dume la buibui miaka 22! Kicheko hicho ndicho kinachozigharimu nchi za Afrika Mashariki, kwa sababu kazi aliyoifanya Bond ni ya lazima, na katika eneo hili karibu hakuna anayelipwa kuifanya.

Buibui huyu anahitaji kuelezwa kidogo, maana wengi wamempita bila kumwona. Hatundiki utando pembeni mwa dari. Anachimba shimo ardhini, anapaka kuta zake uzi laini, kisha anatengeneza kifuniko cha udongo na uzi chenye bawaba upande mmoja. Kifuniko kikifungwa hufanana na ardhi inayokizunguka, na anayekitafuta anaweza kukikanyaga mara tatu asikitambue. Usiku buibui hukaa chini yake akisikiliza kwa miguu. Mende au mchwa akipita karibu, mlango hufunguka, mdudu hutoweka, mlango hufungwa. Jike huishi humo maisha yake yote. (Watu wa pwani, ambao neno buibui kwao ni pia vazi la kumsitiri mwanamke, hawatashangazwa na mwanamke asiyependa kuonwa na wapita njia.) Dume hutoka akikomaa, hutafuta jike, kisha hafiki mbali na kifo.

Maisha hayo si mafupi. Huko Australia Magharibi, mtafiti Barbara York Main alianza mwaka 1974 kuweka alama kwenye mashimo ya buibui wa aina hii. Mmoja wao, aliyejulikana kwa namba 16 tu, alikaa katika shimo lile lile hadi mwaka 2016, kifuniko chake kilipokutwa kimetobolewa, pengine na nyigu. Alikuwa na umri wa miaka 43. Kuna nchi za Afrika Mashariki zilizobadilisha serikali mara nyingi katika muda huo, na yeye hajahama hatua moja.

Tabia hiyo ya kutohama ndiyo kiini cha suala lote. Watoto wa buibui hawa kwa kawaida hutembea hatua chache tu kutoka kwa mama yao na kuchimba mashimo yao hapo hapo. Kilima kimoja kikitenganishwa na kingine kwa bonde kavu, buibui wa kilima hiki hawakutani na wa kile. Baada ya muda mrefu sana wanakuwa spishi mbili. Kwa hiyo buibui wa aina hii anaweza kuwa na makao madogo kuliko kata moja, na tingatinga moja likafuta katika wiki moja kitu kisichopatikana kwingine duniani.

Sasa iangaliwe ramani. Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita nchini Kenya, inapita Pare, Usambara na Uluguru, hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania. Ni vilele vya misitu vilivyotengwa na nyika, kama visiwa baharini. Vyura, vinyonga na mimea ya huko imewashangaza wataalamu kwa miaka zaidi ya mia moja kwa sababu kila mlima una vyake. Buibui wanaochimba hawana sababu ya kuwa tofauti. Lakini kati ya Taita na Pare kuna mpaka wa nchi mbili, na mtafiti anayekusanya upande mmoja anahitaji kibali kipya, ofisi mpya na mihuri mipya ili kuchimba upande wa pili. Buibui hawana habari na mpaka huo. Sayansi imelazimishwa kuuheshimu.

Kumtambulisha kiumbe si kumpiga picha na kumchagulia jina zuri. Mtafiti huchimba shimo taratibu kwa kisu hadi ampate jike. Ili apate dume, hufukia vikombe ardhini, mdomo usawa na udongo, akasubiri dume anayetembea usiku atumbukie. Kisha huja miezi ya hadubini. Hupima kila pingili ya mguu, huhesabu miiba iliyo juu ya taya anayochimbia, huchora kiungo ambacho dume hutumia kupandia, kwa kuwa umbo la kiungo hicho mara nyingi ndilo linalotofautisha spishi mbili zinazofanana kama mapacha. Baada ya hapo lazima alinganishe alichokipata na vielelezo vya kwanza, yaani wale buibui halisi ambao majina ya zamani yalipewa juu yao. Asipofanya hivyo anaweza kumpa jina jipya buibui aliyekwisha kupewa jina tangu zamani.

Na vielelezo hivyo viko wapi? Mswidi Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kukusanya viumbe Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na buibui wake wakaandikwa na Albert Tullgren mwaka 1910. Wako Stockholm. Hazina kubwa ya buibui wa Kongo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kijana wa Arusha anayetaka kujua kama buibui wa shambani kwao ni mpya anaanza kwa kuomba viza. Wazungu hao walifanya kazi nzuri na vielelezo vimetunzwa, hilo lisemwe wazi. Ila miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, kuendelea kuomba viza ili kumtambua mdudu wa nyumbani ni uamuzi wa serikali zenyewe, si wa Sjöstedt.

Watakaouliza faida wapelekwe Kihansi. Mwaka 1996, wakati Tanzania ikijenga bwawa la umeme katika korongo hilo la Udzungwa, watafiti walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, katika eneo dogo mno. Wakamwandika na kumpa jina. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua na chura akaanza kutoweka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani wakazaliane huko. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena, na mwaka 2012 wazao wao wakaanza kurudishwa korongoni. Kisa hicho kina lawama zake, na wengine husema fedha nyingi zilitumika kwa chura. Jambo moja halina ubishi: kama asingeandikwa kwa wakati, angekufa bila mtu kujua kwamba aliwahi kuwepo. Ripoti za tathmini ya mazingira huorodhesha majina. Kisicho na jina hakimo, na kisichomo hakizuii tingatinga.

Hoja kwamba eneo hili haliwezi kazi kubwa kama hiyo inavunjwa na historia yake. Kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki, kinachoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, kilianza kuchapwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Kitabu hakikuvunjika. Kilisimamiwa kutoka bustani ya Kew nchini Uingereza, ni kweli, lakini kilitegemea pia hifadhi ya mimea iliyoanzia Amani, Usambara, na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, ambako hadi leo mtu anaweza kwenda kulinganisha jani lake. Buibui hawana kitabu cha namna hiyo.

Wala mfano wa Kiafrika haukosekani. Afrika Kusini ilianza sensa ya taifa ya buibui na jamaa zao mwaka 1997, ikiongozwa na Ansie Dippenaar-Schoeman. Sasa spishi za buibui zinazojulikana nchini humo zimepita 2,200, na wananchi wa kawaida hutuma picha kutoka mashambani na bustanini mwao. Hawakusubiri kwanza umaskini uishe.

Ni halali kwa mwalimu asiye na madawati au muuguzi asiye na dawa kuuliza kwa nini shilingi iende kwa buibui. Lakini kazi hii ni miongoni mwa sayansi za bei nafuu kabisa. Chupa, spiriti, hadubini, kabati lisiloingia unyevu na mishahara ya watu wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba buibui wote duniani hula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na viumbe wadogo kila mwaka. Mkulima hawalipi kwa kazi hiyo, na serikali haijui ni akina nani wanaoifanya.

Jumuiya ya sasa ina nchi wanachama nane, kutoka bahari ya Atlantiki upande wa Kongo hadi Somalia upande wa Bahari ya Hindi, na ina tume yake ya sayansi na teknolojia yenye makao Kigali. Tume hiyo inaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji mkopo. La kwanza ni kibali kimoja cha utafiti wa viumbe wadogo kinachotambuliwa na nchi zote wanachama, ili chupa ya spiriti iliyojazwa Taita isizuiliwe Taveta kama magendo. La pili ni sharti kwamba spishi yoyote mpya inayopatikana katika Jumuiya, hata ikiandikwa na mgeni, kielelezo chake cha kwanza kibaki katika makumbusho ya eneo hili, na mgeni huyo afanye kazi pamoja na mwanafunzi wa hapa ambaye jina lake litaandikwa kwenye chapisho. Mwanafunzi wa kwanza atakayesubiri dume kwa miaka kadhaa naye apewe ajira itakayodumu muda huo.