Picha Zikishateremshwa

Mjadala kuhusu majumba madogo ya sanaa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala unazidi kuwa wa fedha tu: nani kauza, nani kafunga, mfadhili gani kaondoka. Sizipuuzi hesabu hizo, ila zimefunika swali zito zaidi, la nini kinabaki maonyesho yakishakwisha. Jumba lisilo na mkusanyo wake huishi kwa maonyesho ya wiki chache. Picha zilizonunuliwa huingia majumbani mwa watu, nyingine hurudi kwa msanii, na ukuta hupakwa rangi upya. Pasipoandikwa kitu, kazi ile imetoka katika historia ya sanaa yetu hata kama msanii kalipwa vizuri. Kwangu, kuyaandika na kuyachapa maonyesho ni wajibu wa jumba sawasawa na kutundika picha.

Ushahidi tunao. Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi la msanii Elimo Njau na wenzake lililoanza 1965, liliungua 1997 na kazi nyingi zikateketea. Gallery Watatu, jumba jingine la Nairobi, ilifunguliwa na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960. Chini ya Ruth Schaffner, aliyefariki 1996, wachoraji wengi wasiopita chuo chochote cha sanaa walipata wanunuzi. Mauzo yalikuwapo, tena ya kuonewa fahari. Lakini jumba limefungwa, picha zimetapakaa, na anayetaka kujua nini kilitundikwa pale na kwa mpangilio gani hana budi kupekua magazeti ya zamani na kuwauliza wazee. Nairobi Contemporary Art Institute (NCAI), taasisi aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage, ilipofungua ukumbi wake 2022 kwa kazi za Sane Wadu, mchoraji wa tangu miaka ya 1980, ilibeba kwa mkupuo mzigo wa kumbukumbu ambao ungebebwa kidogo kidogo, onyesho baada ya onyesho.

Nitaambiwa katalogi ni ghali. Ni ghali ikiwa tunawaza kitabu cha karatasi ya kung'aa. Ninachodai ni kurasa nane: picha ya kila kazi, jina, mwaka, vipimo, vifaa vilivyotumika, maneno ya msanii katika lugha anayoizungumza, na aya chache za aliyepanga maonyesho akieleza kwa nini kazi hii imekaa karibu na ile. Nakala moja iende maktaba ya taifa. Wanaosema mitandao inatosha wafikirie picha ya simu, ambayo haisemi turubai ina ukubwa gani, na ambayo hupotea akaunti ikifungwa. Pingamizi zito ni la wasanii wenyewe: anayedaiwa kodi ya pango ataila katalogi? Nalielewa, lakini silikubali. Makumbusho na minada huuliza kazi ilionyeshwa wapi, lini, na imepitia mikono ya nani. Mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na hadi leo picha za kughushi zenye jina lake zinauzwa, kwa kuwa kumbukumbu za kazi zake halisi ni chache mno. Karatasi ninazozidai zinalinda riziki ya msanii na ya watoto wake.

Katika toleo hili, makala kuhusu Nafasi Art Space ya Dar es Salaam inaonyesha jinsi studio na ukumbi vinavyolishana. Mahojiano na kundi la wasanii la Wajukuu wa Mukuru, Nairobi, waliofika maonyesho ya documenta ya Kassel, Ujerumani, 2022, yasomwe taratibu. Mapitio kutoka Kampala ni mafupi na makali. Nafasi kubwa kabisa nimeipa orodha kamili ya onyesho moja dogo, kazi kwa kazi, bila hakiki yoyote. Baadhi ya wenzangu katika bodi waliona itamchosha msomaji. Nimeiacha ilivyo, na kurasa hizo ziko wazi katika toleo lijalo kwa jumba lolote litakaloleta orodha yake.