KONA YA FAMILIA: "Bado kidogo tu, mama!"

Mwezi huu tuongee juu ya jambo linaloleta vicheko katika nyumba zetu, na wakati mwingine linaleta ugomvi: tamthilia. Yaani zile sizoni ambazo ukiangalia episodi moja unataka ya pili, na ya pili inaita ya tatu, mpaka maharage yanaungua.

Si kila nyumba hapa ina umeme au televisheni. Lakini tamthilia zinatufikia tu: kwenye kibanda cha video, kwa jirani mwenye dishi, au kwenye simu, kijana akishawekewa episodi kumi katika memori kadi. Ukimwita mtoto achote maji anajibu, "Bado kidogo tu, mama!" Hiyo kidogo yake ni saa nzima.

Je, ni uvivu? Ni utundu? Mbona hata baba mwenye ndevu zake ananaswa vilevile? Ukweli ni kwamba wanaotengeneza tamthilia wanajua kazi yao. Wana ndoano, na sisi ni samaki. Tuzione ndoano tatu.

Ndoano ya kwanza: kukata penye utamu

Hii ni ya zamani kuliko televisheni. Waliosoma Alfu Lela U Lela wanamkumbuka Shahrazad. Mfalme alikuwa akioa mke leo na kumuua kesho. Shahrazad akaanza kumsimulia hadithi usiku, na alfajiri ikifika anaikatia mahali patamu. Mfalme anataka kujua mwisho, basi anamwacha aishi siku moja zaidi. Hadithi isiyokwisha ilimwokoa mtu!

Televisheni ilifuata njia hiyohiyo. Tarehe 21 Machi 1980, tamthilia ya Marekani iitwayo Dallas ilimwonyesha tajiri mbaya, J.R. Ewing, akipigwa risasi ofisini kwake. Nani kampiga? Episodi ikaisha hapo. Watu wakangoja miezi 8, maana waigizaji nao waligoma na kazi ikachelewa. Jibu lilipotoka tarehe 21 Novemba, Wamarekani zaidi ya milioni 80 walikuwa mbele ya televisheni. Kumbe aliyempiga ni Kristin, mdogo wa mke wake!

Ndoano ya pili: wewe unajua, yeye hajui

Hapa tutaje Jumong, tamthilia ya Korea ya mwaka 2006 na 2007, yenye episodi 81. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wameiangalia, na sisi wa kambini tuna sababu ya kuipenda zaidi, kwa kuwa inaanza na wakimbizi. Nchi ya Gojoseon imevunjwa, watu wake wanaswagwa njiani kama ng'ombe, na shujaa Haemosu anapigana kuwatetea. Halafu anakamatwa, anapofushwa macho, anafichwa gerezani ndani ya pango. Rafiki zake wanadhani amekufa.

Miaka inapita. Jumong, mtoto wa Haemosu, analelewa katika nyumba ya mfalme na hamjui baba yake. Siku moja anafika kwenye gereza lile, anakutana na mzee kipofu, na mzee anamfundisha kupigana. Baba na mwana wamekaa pamoja, hawajuani! Mtu anayeangalia anataka kupiga kelele, "Huyo ni baba yako!" Ukiuliza vijana episodi wanazozipenda, usishangae wakikutajia hizo. Jumong anakuja kuujua ukweli wakati mzee ameshauawa. Mwishoni anawakusanya wakimbizi na kuanzisha nchi mpya.

Katika kambi yetu wapo watoto waliopotezana na baba zao vitani. Kwao hiyo si filamu tu. Mtoto akilia kwenye episodi kama hiyo, usimcheke. Kaa naye.

Ndoano ya tatu: kuzoeana

Ukimwona mtu kila jioni kwa miezi, anakuwa kama jirani. Ndivyo walivyozoeleka Suleiman na Hurrem wa Sultan, tamthilia ya Uturuki ambayo Azam TV ya Tanzania iliitia sauti za Kiswahili. Hurrem ni msichana aliyetekwa kwao na kupelekwa mbali, hana ndugu, hata jina anabadilishiwa. Wengi wetu tunajua uchungu huo.

Kuzoeana huko kunaweza kufanya kazi nzuri. Ndugu zetu Warundi wanakumbuka mchezo wa redio wa Studio Ijambo ulioanza mwaka 1997, Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye familia. Ulisimulia maisha ya Wahutu na Watutsi wanaoishi jirani, wakati nchi ingali vitani. Rwanda nako, tangu 2004, Musekeweya ilisimulia vijiji viwili vyenye uhasama na njia ngumu ya kupatana. Hotuba unaisikia mara moja na kuisahau, lakini mtu uliyemzoea unamfuata hata akikufundisha.

Sasa tufanye nini nyumbani?

Ndugu zangu, shida ipo. Mtoto wa Standadi 8 ana mtihani na anashinda kibandani. Kwacha za sabuni zinaishia mlangoni kwa video. Msichana anarudi usiku peke yake gizani. Na vibanda vingine vinaonyesha picha za wakubwa watoto wakiwemo. Kupiga kelele tu hakusaidii. Tujaribu hivi:

1. Simamisheni katikati, siyo mwishoni. Mwisho wa episodi ndipo ndoano ilipo, hapo kuacha ni vigumu. Angalieni dakika kumi za episodi inayofuata, jambo likishapoa, kisha zimeni. Utaona mtoto anaondoka bila kulia.

2. Pataneni hesabu kabla ya kuanza. "Leo moja, Jumamosi mbili." Na mzazi naye aifuate, siyo watoto wamelala yeye anaendelea!

3. Masomo na maji kwanza, simu baadaye.

4. Mjue kibanda anachokwenda mtoto. Ingia siku moja, ukae, uone kinachoonyeshwa na saa wanayofunga.

5. Ongeeni baada ya kuzima. Uliza, "Unadhani kesho itakuwaje? Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Mtoto asiyesema yanayomsumbua moyoni anaweza kuyasema kupitia Jumong au Hurrem.

Hatusemi tamthilia ni mbaya. Hapa kambini tunangoja mambo mengi ambayo tarehe yake hatuijui: kuitwa kwa mahojiano, majibu ya faili, habari za ndugu. Kungoja kitu ambacho kesho saa moja jioni kitakuja kweli ni faraja, na faraja si dhambi. Ila ndoano tuishike sisi, isitushike yenyewe.

Mwezi ujao kila nyumba itutumie jina la episodi moja waliyoipenda na sababu yake. Watoto nao waandike. Mkae salama.