Krediti si kazi, kazi ni mjumbe wa kamati

Makala yako kuhusu fani ndogo ni nzuri, ila umeipita haraka sehemu inayowakwamisha wengi. Kwenye vyuo kadhaa vya Marekani, fani ndogo ya makuzi ya binadamu na masomo ya familia ni kozi chache tu za ngazi ya uzamili. Hizo utazimaliza. Lakini kwa kawaida lazima profesa wa idara hiyo aketi kwenye kamati yako ya tasnifu, na akishaketi atauliza maswali ya kwao. Mtu wa lishe au uchumi wa kilimo akimtafuta pendekezo la utafiti likiwa limeshaandikwa, asishangae kuambiwa aongeze sura nzima ya nadharia. Mtafuteni profesa huyo kabla hata ya kuchagua kozi.

Halafu msizijaze krediti zote kwa takwimu. Mara nyingi takwimu mmeshazihesabu kwenye fani yenu kuu, na idara nyingine hazikubali kozi moja ihesabiwe mara mbili. Chukueni nadharia: humo yumo mwanasaikolojia Bronfenbrenner na kitabu chake cha 1979 kuhusu ikolojia ya makuzi ya binadamu, na yumo Mary Ainsworth, ambaye kabla ya utafiti wake wa Baltimore alizitembelea familia za Kiganda karibu na Kampala miaka ya 1950, akitazama watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Nilipowaambia wenzangu darasani kwamba kwetu pwani, kabla ya kumtazama mama, ningeuliza bibi yuko wapi, mjadala ulikula kipindi kizima.

Kwa aliyeuliza kama fani ndogo inaonekana kwenye vyeti: kwa kawaida huandikwa kwenye nakala ya matokeo. Kuhusu cheti chenyewe, muulize msajili wa chuo chako.