Nafuu ya Nani? Safari za Albania Zinazouzwa Kwenye Vikoba Vyetu



Kikoba chetu tunakivunja Desemba. Mwaka huu, kabla hata hatujahesabu hisa, ametokea mtu ambaye ameshazipangia kazi hela zetu. Anataka kutupeleka Albania.

Kama hujui Albania iko wapi usione haya. Hata sisi tuliitafuta kwenye simu, wanawake kumi na wawili tumeinamia kioo kimoja juu ya meza ya kukatia vitambaa hapa Nyakato. Ni nchi ndogo ya Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya, watu wake hawafiki milioni 3. Imepakana na Ugiriki, na ng'ambo ya bahari inatazamana na Italia. Waislamu ndio wengi kuliko waumini wa dini nyingine yoyote. Katikati ya mji mkuu, Tirana, upo Msikiti wa Et'hem Bey. Serikali ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, misikiti na makanisa yakafungwa, na mpaka Januari 1991 ndipo watu walipoingia tena katika msikiti huo kuswali. Mwenzetu mmoja alisoma habari hiyo akafuta machozi. Kuna ufukwe wa Ksamil ambao maji yake unaona hadi chini. Kuna mji wa Berat, nyumba nyeupe zimepandana mlimani na madirisha yake ni mengi mpaka unajiuliza nani anayafuta vumbi. Tuseme ukweli, tulinaswa.

Tangazo liliingia kwenye grupu la WhatsApp usiku. Siku saba, tiketi, viza, hoteli na chai ya asubuhi, vyote kwa shilingi milioni 3 na nusu. "Nchi nafuu kuliko zote Ulaya, wengi hawaijui, wahi." Malipo ya kwanza laki 8, hayarudishwi. Na chini kabisa, pale ambapo macho yanakuwa yameshachoka: ukileta wanawake watano, yako ni bure.

Hatuandiki kuikataa Albania. Tunaandika kumkataa huyu mtu, na wenzake waliojaa kwenye magrupu yetu, kwa sababu neno hilo "nafuu" wanalitumia kama sumaku ya kuokotea sindano.

Tuanze na nafuu yenyewe. Zile video zote zinazosema Albania ni rahisi zinatengenezwa na watu wa Uingereza, Ujerumani, Marekani. Kwao ni rahisi kweli. Mtu yuko London, anapanda ndege ya bei ya chini, na siku nyingine tiketi yake inashuka mpaka karibu na nauli ya basi la Mwanza kwenda Dar. Haombi viza. Anafika anakula samaki, analinganisha na bei ya samaki Ufaransa, anacheka kwa furaha. Ana haki ya kucheka. Lakini hesabu yake si hesabu yetu. Sisi tunatoka Nyakato kwenda Dar kwanza, halafu Dar hadi Istanbul, halafu Istanbul hadi Tirana, na kurudi vivyo hivyo. Tulipouliza wenyewe, tiketi peke yake ilipita milioni 2. Pasipoti ni laki 1 na nusu, na kati yetu kumi na wawili wanaomiliki pasipoti ni watatu tu. Nguo za baridi hatuna. Siku saba za kufunga duka hazilipwi na mtu, na mwenye tenda ya sare za shule anajua Januari ikoje.

Kwa hiyo chai ya Tirana inaweza kuwa rahisi kuliko chai ya Paris, na bado safari nzima ikawa mtaji wako wote. Nafuu hupimwa kwa mfuko wa anayelipa. Hili fundi yeyote analijua: kitenge cha elfu 30 ni rahisi kwa bibi harusi na ni mzigo kwa mjane.

Sasa viza. Albania inapokea maombi kwa mtandao, kwa hiyo hakuna foleni ya kupanga ubalozini, na dalali anatumia hilo kutuambia ni "kubonyeza tu". Mtandao nao una maswali. Utalala wapi? Nani anakulipia? Taarifa ya benki inasemaje? Wengi wetu benki yetu ni simu na kikapu cha kikoba. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, ambayo ameshaitumia, Albania wanamruhusu kuingia nayo bila kuomba nyingine. Hapa mtaani kwetu tuonyesheni huyo mtu. Viza inatolewa na nchi, haitolewi na dalali. Anayekuhakikishia viza wakati pasipoti yako haijatoka hata Uhamiaji anakuuzia kitu ambacho si chake.

Tulipomuuliza hayo akatuona wagumu. Wale walioonekana laini akawavuta pembeni, akawaambia maneno mengine kabisa: ukifika pale si lazima urudi, Italia iko mbele ya macho yako, Ugiriki unaenda kwa gari.

Hapa ndipo tulipoacha kucheka. Albania haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika Schengen. Viza yake inakuingiza Albania, basi. Na hiyo Italia anayoitaja, mwezi wa 11 mwaka 2023 iliwekeana mkataba na Albania wa kujenga vituo kwenye ardhi ya Albania vya kuwaweka wahamiaji wanaokamatwa baharini. Vituo vyenyewe viko Shëngjin na Gjadër, na watu wa kwanza walipelekwa huko Oktoba 2024. Yaani kule anakokuita mlango wa kuingilia Italia, ndiko Italia yenyewe inakopeleka watu isiotaka waingie. Ajabu ni kwamba anayaongea haya kwa sauti ya chini kana kwamba anakufanyia hisani.

Na msituambie hayajatokea kwa watu wa kwetu. Waulizeni Warundi. Februari 2018 Burundi iliacha kuitambua Kosovo kama nchi huru. Serbia, ambayo inaihesabu Kosovo kuwa ni yake, ikafurahi, na Warundi wakaruhusiwa kuingia Serbia bila viza. Serbia nayo ni Balkani, nayo si nchi iliyokuwa midomoni mwa watu wa ukanda huu. Habari zikasambaa: kuna nchi ya Ulaya hauhitaji viza. Ilipofika mwaka 2022 vijana kwa maelfu walikuwa wanapanda ndege kwenda Belgrade. Wapo waliouza mashamba. Wapo waliokopa. Wakifika wanatafuta njia ya kuvuka mpaka kwenda Ubelgiji na kwingineko, kwa miguu, kwa malori, misituni. Nchi za Umoja wa Ulaya zikaibana Serbia, na Oktoba 2022 viza ikarudishwa kwa Warundi. Mlango ukafungwa. Shamba lililouzwa likabaki kwa aliyelinunua.

Hao walikuwa wanaingia Serbia kihalali, kwa ruhusa ya serikali mbili. Sisi tunaletewa ruhusa ya mtu mmoja mwenye laini mbili za simu.

Turudi kwenye lile sharti la kuleta watano. Hilo ndilo linalotuuma kuliko yote, kwa sababu linamgeuza mwanamke kuwa chambo cha mwanamke mwenzake. Wewe unaletwa na jirani, unaleta mdogo wako, yeye analeta mwalimu wa madrasa wa mtoto wake, na kila mmoja anaaminiwa kwa sababu ya anayemfahamu, wakati yule wa juu kabisa hakuna anayemfahamu. Nchi hii imeshawahi kulia kwa mtindo huu. Mwaka 2009 DECI ilipofungwa, watu waliokuwa "wanapanda mbegu" wakingoja kuvuna walibaki na stakabadhi mikononi.

Mkitaka kujua nani anaujua mchezo huu vizuri kuliko sisi, ni Waalbania wenyewe. Baada ya ukomunisti kuanguka, makampuni yalizuka kule yakiahidi faida za kupita kiasi, fedha za aliyeingia leo zinamlipa aliyeingia jana. Karibu theluthi mbili ya wananchi waliweka fedha zao humo. Waliuza nyumba, waliuza mifugo. Mwaka 1997 yakaanguka. Watu wakavunja maghala ya silaha, serikali ikayumba, na watu wapatao 2,000 wakafa. Leo mtu anatuuzia nchi hiyo hiyo kwa mtindo ule ule ulioichoma. Angekuwa ameisoma kidogo tu angechagua nchi nyingine.

Tunajua kuna wanaosoma hapa wakitikisa kichwa: si mnaona sasa, mwanamke safari ya nini, atulie kwake. Nanyi tuna neno nanyi.

Wanawake wa Nyakato tunasafiri miaka yote. Tunakwenda Kariakoo na basi la usiku, mtoto mgongoni. Tunakwenda Kampala kufuata vitambaa. Wenzetu wawili wamefika Istanbul kuchukua magauni, wakalala wanne chumba kimoja ili mzigo utoshe. Hakuna aliyetuuliza swali. Hakuna aliyetukumbusha mahram. Kwa nini? Kwa sababu tulirudi na mzigo, na mzigo ukalipa ada za shule. Siku ukisema nakwenda mahali nikakae, nitazame maji, nisimpimie mtu kiuno, ghafla dini inakumbukwa, mila zinakumbukwa, na shemeji anapiga simu. Anayetaka kuzungumza suala la mahram kwa dhati tutamsikiliza kwa adabu, ila aanze na lile basi la usiku.

Dalali analijua jeraha hili. Ndiyo maana tangazo lake limeandikwa "Mama, nawe unastahili". Tumeshona kwa miaka kumi na mitano na hakuna aliyetuambia hivyo, mpaka amekuja mwizi kutuambia. Mkitaka wake zenu na dada zenu wasinaswe na maneno haya, waambieni ninyi kwanza.

Mwenzetu mmoja tayari ameshalipa. Hatutamtaja, na tumemwomba ruhusa ya kuandika haya. Aliuza mashine yake ya overloki kupata ile laki 8, akaituma kwa simu usiku ule ule kwa sababu nafasi "zilikuwa zimebaki tatu". Wiki ya pili akaambiwa aongeze laki 2 za "kuharakisha viza". Hapo ndipo alipotuambia. Tumekwenda naye polisi na meseji zote pamoja na risiti za kutumia fedha. Amefunguliwa jalada. Namba ya simu ya yule mtu bado inaita, ila haipokelewi.

Hatumcheki, na anayemcheka kwenye kikoba chetu tumemtoza faini ya elfu 2. Imeshalipwa mara moja.

Kikoba kimekaa na kimeamua. Fedha za hisa haziendi kwenye safari ya mtu asiye na ofisi, asiye na leseni ya biashara ya utalii tunayoweza kuipeleka kuulizia, na asiyekubali kulipwa kwa akaunti ya kampuni. Pasipoti kila anayetaka ataomba mwenyewe Uhamiaji, kwa jina lake, na ikae kabatini kwake, haitakabidhiwa kwa dalali. Hakuna kuleta watano. Tumefungua mfuko wa safari, elfu 5 kwa wiki kwa anayependa, na safari ya kwanza ni Ukerewe: meli kutoka Mwanza hadi Nansio, usiku mbili, kwenda kuona nyumba ya watemi kule Bukindo, bila kubeba dagaa wa kuuza wakati wa kurudi. Hilo la dagaa limeleta ubishi mrefu kuliko mengine yote. Wawili wanasema kurudi mikono mitupu kutoka Ukerewe ni uchizi.

Albania tumeiacha ukutani. Picha ya Berat tumeibandika juu ya kioo cha kupimia, karibu na kalenda. Hesabu yake halisi, ile ya kwetu, imeandikwa chini kwa chaki ya fundi: tiketi, pasipoti, viza, siku saba za duka. Itachukua miaka mitatu, pengine minne.

Yule mwenzetu siku hizi anapeleka nguo zake kwa jirani kupigwa overloki. Mia tano kila nguo.