Aliyezidisha akiba anakimbizwa, aliyemeza michango anapeta

Wadau, kuna wimbo nimechoka kuusikia: eti vijana wa siku hizi hatujui kuweka akiba. Kila semina, kila hotuba, ni huo huo. Leo nataka kuujibu, na naanzia mbali kidogo, Minneapolis, Marekani, anakoishi kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa.

Mwaka 2024 kaka alikuwa akiweka akiba ya uzeeni katika akaunti ziitwazo Roth IRA. Kwa mwaka huo, mtu wa chini ya miaka 50 aliruhusiwa kuweka dola 7,000 tu, akaunti zake zote za IRA zikijumlishwa. Yeye alikuwa nazo mbili, sehemu mbili tofauti, na kila moja ikimega mshahara wake kimya kimya. Machi 2025 alipokaa kujaza ritani ya kodi, akakuta jumla ni dola 8,000. Kazidisha dola 1,000!

Unadhani alipongezwa? Thubutu! Kilichozidi hutozwa asilimia 6, yaani dola 60, na si mara moja, bali kila mwaka ambao hela hiyo inabaki humo. Ili ajinasue ilibidi aombe arudishiwe hizo dola 1,000 pamoja na faida iliyopatikana juu yake, kabla ya siku ya mwisho ya ritani, Aprili 15. (Aliyewasilisha ritani kwa wakati alikuwa na hadi Oktoba 15 kusahihisha.) Akazitoa, faida akailipia kodi, yakaisha. Akanipigia simu analalamika: "Mdogo wangu, huku hata kuweka akiba ni kosa!"

Nikacheka. Kisha nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikakata.

Gazeti lililonipa ajira ya kwanza lilinilipa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kila slipu ya mshahara ilionyesha nimekatwa 80,000 za NSSF. Mwajiri naye alitakiwa kuongeza 80,000 itimie asilimia 20, halafu azipeleke zote. Nilipoacha kazi nikaomba taarifa ya michango yangu. Miezi saba haipo! Piga hesabu: 160,000 mara saba ni 1,120,000. Nilipouliza uhasibuni nikajibiwa, "Hali ya kampuni ilikuwa mbaya, kijana, vumilia." Kwani yangu ilikuwa nzuri? Mpaka naandika hapa sijaziona.

Sasa pimeni wenyewe. Kaka alikosea kwa hela yake mwenyewe, kwa kuweka nyingi mno, na kosa lake lilikuwa na bei na tarehe ya mwisho. Mwajiri wangu alikalia hela ya mtu mwingine aliyekwisha kumkata, na anapeta. Sikatai, sheria yetu nayo ina adhabu kwa mwajiri anayechelewesha michango. Lakini itamkuta lini, ikiwa mwenye hela ndiye wa mwisho kujua? Mimi nilijua kwa sababu niliondoka. Wenzangu waliobaki je?

Na sisi waandishi tuna aibu yetu. Kila siku tunaandika dhuluma za viwandani na mashambani, ya chumba chetu cha habari tunayameza kwa kumwogopa bosi.

Ninachodai ni kidogo tu. Slipu ya mwezi huu ije na uthibitisho kwamba mchango wa mwezi uliopita umelipwa. Mwajiri aliyelipa kweli atakosaje risiti? Na wewe msomaji usisubiri kuacha kazi kama mimi. Wiki hii kaombe taarifa yako, ilinganishe na slipu zako mwezi kwa mwezi.

Ukimaliza, ndipo tuitane semina tuambiane nani hajui kuweka akiba.

Naomba kutoa hoja.