Mpira Uonekane

Quadri Aruna wa Nigeria alipofika robo fainali ya mashindano ya dunia ya tenisi ya meza, wanaume mmoja mmoja, mjini Houston mwaka 2021, hakuna aliyemshushia wavu. Wala Omar Assar wa Misri, aliyefika hatua hiyo katika Olimpiki za Tokyo na Paris, hakufupishiwa meza. Meza ni mita 2.74 na wavu ni sentimita 15.25, iwe China au Ruziba.

Mfanyabiashara wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, anayeshika barabara ya Rumonge na Nyanza-Lac kuelekea mpaka wa Mugina na Manyovu, anastahili uhakika kama huo. Kanuni ipo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, husamehewa ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine za ndani huweza kubaki, ndiyo maana ni muhimu kujua kinachodaiwa ni kipi.

Katika tenisi ya meza, anayeanzisha hurusha mpira juu angalau sentimita 16 kutoka kwenye kiganja kilicho wazi, wala haruhusiwi kuuficha kwa mwili au mkono. Akiuficha, pointi huenda kwa mpinzani. Mpakani ni kinyume: popote kiwango cha malipo kinapofichwa, anayeadhibiwa ni mama mwenye madumu ya mawese, anayelipa bila stakabadhi kwa sababu jua linazama na gari linaondoka.

Dawa yake haihitaji mkutano mwingine wa mawaziri. Kila kituo cha mpaka kibandike ukutani viwango vyote, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, pamoja na namba ya simu ya kupeleka malalamiko.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Wachezaji hubadilishana pande kila seti inapokwisha, na kanuni haibadiliki. Anayeandika bei ya uongo kwenye ankara, au kupitisha mzigo njia za panya, hawezi kudai haki upande wa pili.

Lakini mwenye mzigo halali asione haya kuomba cheti na stakabadhi. Huo si ukaidi. Anaomba tu mpira uonekane.