Mzigo una karatasi, mbebaji je?

Hapa Gashonga ninakofundisha, siku ya soko madawati kadhaa hubaki matupu. Watoto wameshuka kubeba mizigo ya kwenda mpakani. Mwenye bidhaa ana karatasi ya forodha. Mbebaji hana hata mstari mmoja unaosema atalipwa nini, wala nani atamtibu akianguka.

Mikataba tunayo. Rwanda iliingia eneo huria la biashara la COMESA mwaka 2004 na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007; Kongo nayo ikaingia Jumuiya mwaka 2022. Mkataba wa eneo huria la Afrika ulitiwa saini Kigali, Machi 2018, nao hauna hata sura moja ya haki za wafanyakazi.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ni afadhali. Kifungu cha 10 kinakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwa uraia wake, katika ajira na malipo. Nilipokisoma nilimkumbuka marehemu baba. Nilisomea uhamishoni, Uvira, na karo ilitoka kwenye kibarua chake. Mwajiri alimlipa nusu ya ujira wa wenyeji, akijua mkimbizi hana pa kulalamika.

Lakini nani anakisimamia kifungu hicho? Mamlaka ya mkaguzi wetu wa kazi yanakomea darajani. Wageni nao wasitegemewe. Sheria ya AGOA ya Marekani ya mwaka 2000 ilidai haki za wafanyakazi. Hata hivyo, tuliponyimwa nafuu ya nguo mwaka 2018, kosa letu lilikuwa kupandisha ushuru wa mitumba. Ujira wa mshonaji haukuulizwa.

Mfanyabiashara atasema ujira ukipanda, mteja atamkimbia. Hofu hiyo ni ya kweli, faida ya unga ni ndogo. Ndiyo maana kima kinapaswa kuwa kimoja pande zote mbili za Rusizi. Nakubali, tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025, kukaa meza moja ni kazi ngumu. Basi tuanze kwetu. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 16, na imempa waziri jukumu la kuweka kima cha chini cha mshahara. Akiweke, na mbebaji wa mpakani awemo.

Nawe unayekodi wabebaji alfajiri, muulize kwanza umri wake. Huenda jina lake limo katika daftari langu la mahudhurio.